Mbolea kwenye mimea dawa: uzito wa gunia au nguvu ya jani?

Wanaotetea mbolea kwenye mimea dawa wana hoja nzito. Mimea mingi ya tiba bado huchumwa porini, na baadhi inaelekea kutoweka. Shamba lenye rutuba huupunguzia msitu mzigo huo. Wanaoipinga wanasema mmea ukishibishwa hunawiri kwa macho huku dawa yake ikififia. Kila upande una ukweli wake, ila wote hukosea wanapoizungumzia mimea dawa kana kwamba yote ni ya namna moja.

Kwanza tuulize dawa yenyewe imeundwa na nini. Alkaloidi, kemikali za mimea kama nikotini, zina naitrojeni ndani yake, ndiyo maana tumbaku ikipewa naitrojeni kwa wingi, nikotini huongezeka. Kitunguu saumu kinahitaji salfa, kwa kuwa aliini, kemikali yake inayogeuka dawa iitwayo alisini kinapopondwa, hujengwa kwa salfa. Fenoli na tanini, kemikali za kujilinda zisizo na naitrojeni, ni kinyume: mara nyingi hupungua naitrojeni inapozidi, kwani mmea huelekeza nguvu kwenye kukua badala ya kujilinda. Mwanaikolojia John Bryant na wenzake walieleza hivyo mwaka 1983. Nadharia yao imekosolewa kwa kuwa kuna mimea isiyoifuata, lakini kwa kuanzia inafaa.

Chukua pakanga, mmea wa artemisinini, dawa ya malaria iliyomfikisha Tu Youyou kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo hukaa kwenye tezi ndogo sana za jani. Tuseme hekta moja bila mbolea inatoa tani 2 za majani makavu yenye artemisinini asilimia 1: hizo ni kilo 20. Kwa mbolea zinapatikana tani 3, kiwango kikishuka hadi asilimia 0.8: kilo 24. Kiwanda kinachokamua dawa kimepata faida. Lakini anayepima unga wa majani kwa kijiko amepoteza sehemu moja ya tano ya nguvu bila kujua, na kwangu hilo ndilo zito zaidi, maana mgonjwa hana mizani ya kulibaini.

Vichocheo vinavyopuliziwa mmea huleta mvutano mwingine. Jasmoneti, aina ya homoni za mimea, huufanya mmea ujihami kana kwamba umeshambuliwa, hivyo viambata, yaani kemikali, vya kujilinda huongezeka, lakini ukuaji huweza kudumaa. Ni busara kuvitumia mmea ukiwa umeshakua, si kwenye miche.

Samadi nayo isipewe sifa bure. Ikiwa mbichi hubeba vimelea, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 unataka iozeshwe vizuri kwanza, na unakataza kabisa kinyesi cha binadamu. Mbolea za fosfeti nazo huweza kuwa na kadmiamu, metali yenye sumu, ambayo mizizi huifyonza.

Bei ikipangwa kwa kilo pekee, mkulima atamwaga naitrojeni, wala simlaumu. Wanunuzi walipe kwa kiwango cha kiambata cha dawa. Naye mkulima aache kipande kidogo bila mbolea, avune sehemu zote mbili siku moja, akaushe kwa namna moja, kisha apeleke sampuli zote mbili maabara kabla ya kuagiza mifuko ya msimu ujao.