Kurudisha green card siyo wazimu, wazimu ni kukaa nayo kimya

Hapa Dodoma ukitaka kikao cha ukoo kiitishwe bila wewe kupiga simu hata moja, sema tu unafikiria kurudisha green card, ile kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani. Shangazi atauliza nani amekuchezea, bamdogo atakukumbusha lile shamba la Mvumi lililouzwa ili upate nauli, na lazima atokee mmoja aseme we kaa nayo tu, kwani inakuomba ugali? Hii ya mwisho ndo imenifanya niandike, maana inasikika kama busara. Inaomba ugali, tena kila mwaka.

Nawazungumzia watu wenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, wengine waliupata kwa bahati nasibu wengine kwa ndoa, alafu kazi ikawarudisha huku. Mradi, hospitali, chuo, shirika la kimataifa, na tangu serikali ianze kuhamia 2016 kazi za namna hiyo zinawaleta Dodoma watu ambao zamani wangeishia Dar. Mkataba unaanza wa miaka miwili, unaongezwa, mtoto anaanza shule, kiwanja cha Iyumbu kinafika kwenye lenta, na kadi iko kwenye bahasha juu ya kabati.

Wengi wanaishi kwa imani ya kwenda kugusa. Yani miezi sita au mwaka ukikaribia unapanda ndege, unakaa wiki mbili kwa binamu Texas, unarudi, unaamini saa imeanza upya. Haianzi upya. Afisa anaangalia maisha yako yapo wapi: kazi, nyumba, mke au mume, akaunti, kodi unalipa kama nani. Ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, kadi peke yake haikuingizi, unatakiwa uombe viza ya mkaazi anayerejea na uthibitishe kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako, sasa mkataba uliosaini kwa mkono wako mwenyewe sijui utauelezaje. Kibali kipo, fomu I-131, kinafika miaka 2, ila lazima uombe ukiwa ndani ya Marekani na alama za vidole uziache huko huko, na kama umekuwa nje zaidi ya miaka 4 katika 5 iliyopita kwa kawaida wanakupa mwaka mmoja tu.

Hayo wengi mnayajua. Ambalo naona halijadiliwi kabisa ni kodi.

Mwenye green card kwa Marekani ni mlipa kodi kama raia, kipato chake chote cha dunia kinatakiwa kuripotiwa, hata ule mshahara unaokatwa PAYE hapa. Mtu akisikia hivo anasema kuna msamaha wa kipato cha nje, na ni kweli upo, kwa mwaka 2025 ulikuwa hadi dola 130,000, mshahara wa nani hapa mjini unafika huko. Lakini msamaha huo una milango miwili. Mmoja ni wa raia wao pamoja na wakaazi wanaotoka nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania hatuna mkataba huo, kwa hiyo umefungwa kwetu. Unabaki wa pili: uwe umekaa nje ya Marekani siku 330 kamili ndani ya miezi 12 mfululizo. Soma tena hapo taratibu. Ili usamehewe kodi unaandika mwenyewe, unasaini, kwamba siku 330 hukuwa kule, alafu kwenye dirisha la uhamiaji uwanja wa ndege unamwambia afisa kwamba makazi yako ni kule na huku ulikuja kwa muda tu. Ni serikali moja hiyo hiyo. Kudai msamaha peke yake hakukufutii ukaazi, nisitishe watu, lakini kila mwaka unaodai unajiongezea karatasi ya ushahidi kwenye faili lako.

Kuna njia nyingine, kudai upunguziwe kwa kodi uliyolipa TRA, na kwa sababu kwetu mshahara unaozidi milioni moja kwa mwezi ile sehemu ya juu inakatwa asilimia 30, mara nyingi ukishapiga hesabu Marekani hawakudai kitu. Sawa. Ila kutodaiwa na kutoripoti ni vitu viwili. Na ukiwa na biashara yako pembeni, bajaji mbili unazoziendesha mwenyewe kama biashara au zabibu za Hombolo, faida ikizidi dola 400 kwa mwaka kuna ile kodi ya waliojiajiri, inayokwenda kwenye hifadhi ya jamii yao, asilimia 15.3 ya karibu faida yote, na hiyo msamaha wa kipato cha nje hauigusi, na Tanzania na Marekani hawana makubaliano ya hifadhi ya jamii ya kukuokoa.

Akaunti za benki nazo. Zikijumlishwa zote zikagusa zaidi ya dola 10,000 hata siku moja tu ndani ya mwaka, ni kama milioni 25 hivi, unatakiwa kuziripoti, na sio zako tu, hata ile ambayo wewe ni mweka saini. Sasa mtu karudi kutoka Marekani, anaheshimika, kanisani wamemfanya mweka saini wa akaunti ya ujenzi, kwenye saccos ndo mhazini. Hela si yake hata senti, lakini fomu ni yake, na faini ya kusahau, hata bila makusudi, inaweza kupita dola 10,000.

Ndo maana wanaonipa wasiwasi zaidi ni hawa waliokaa kimya, kuliko wanaorudisha. Wanasema kadi imeexpaya 2023 kwa hiyo mambo yaliisha yenyewe. Plastiki ndo iliyoisha. Kwa upande wa kodi hadhi inaendelea mpaka uiache rasmi kwa maandishi au mamlaka zao zitoe uamuzi wa kuifuta, kwa hiyo mtu yuko Area C hapa mjini anakula chipsi kuku, hajakanyaga Marekani miaka sita, na kwa vitabu vya IRS, mamlaka yao ya kodi, bado ni mtu wao na hajaleta ritani, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, miaka sita.

Alafu kuna ile hesabu ya miaka 8. Ukiwa umeshika green card katika miaka 8 kati ya 15 ya mwisho, ukiirudisha unahesabiwa mkaazi wa muda mrefu na unaingia kwenye sheria za kodi ya kutoka, yani mali zako zinahesabiwa kama umeziuza na faida yake inakatwa kodi. Watu wanasikia hiyo kodi ni ya wenye mali ya dola milioni 2 wanacheka wanapita. Wasipite. Kuna kigezo kingine ambacho hakiangalii utajiri: usipoweza kuthibitisha kwamba miaka 5 ya nyuma kodi zako zilikuwa sawa, umeingia, hata kama mali yako yote ni kiwanja na kigari cha Passo. Kwako binafsi huenda wasipate cha kukata kwa sababu faida ndogo zinasamehewa, lakini ukiwa na mtoto aliyebaki kule, siku akirithi ile nyumba ya Iyumbu anaweza kudaiwa asilimia 40 ya kinachozidi kiwango cha msamaha, kwa kosa la mzazi kutojaza fomu. Na mwaka unahesabika hata ukiugusa siku chache. Mtu aliyepata kadi Novemba 2018, huo 2018 ni wa kwanza, ukifika 2025 ni wa nane, kwa hiyo akirudisha Januari 2025, baada ya miaka sita na miezi miwili ya kalenda, tayari ameshaingia. Angerudisha Desemba 2024 asingekuwemo.

Upande wa pili una hoja, tena nzito kwa wakati huu. Oktoba 2025 Watanzania tuliwekwa kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa viza ya matembezi, haijapoa, Desemba likatoka tangazo la vizuizi vya viza kwa nchi yetu kuanzia 1 Januari 2026, na vizuizi hivyo vya kuingia havikuwagusa wenye green card. Ukirudisha leo ukidhani utaenda kumwona mjukuu kwa viza ya kawaida, hiyo ndoto iweke pembeni kwanza. Kama uliwaombea mke na watoto, maombi yale yanakufa na hadhi yako, na mtoto mdogo unayeishi naye anaweza kuhesabiwa ameacha pamoja na wewe. Kwa mtu ambaye mkataba wake kweli ni wa mwaka na nusu na ana nyumba kule na kodi analipa vizuri, simshauri arudishe, achukue kibali. Na vile vitisho vya kwamba afisa atakunyang'anya pale pale uwanjani vimekuzwa, anaweza kukushawishi usaini lakini una haki ya kukataa ukasubiri jaji wa uhamiaji.

Hoja ya ukoo, kwamba usirudishe kwa sababu utatuvuta na sisi twende kule, hiyo naipitia haraka: mwenye green card anaweza kuwaombea mwenzi na watoto wasiooa au kuolewa, basi. Wazazi na ndugu wanaombewa na raia. Na wanaosema vumilia upate uraia kwanza, huo unataka miaka 5 ya makazi na angalau miezi 30 ya kuwa kule kimwili, kitu ambacho mwenye kazi hapa Mtumba, kwenye mji wa serikali, hana, na ukiupata uraia wa Tanzania unaupoteza. Hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, iliyopitishwa na Bunge hapa hapa mjini 2025, imelainisha mambo, ardhi ikiwemo, lakini siyo uraia.

Kwa hiyo mie kwa mtu ambaye maisha yake yameshahamia huku nampa haki yake. Aende aliyeamua kwa hesabu. Fomu ni I-407, haina ada, inatumwa kwa posta pamoja na kadi yenyewe, unajaza ulitoka lini na kwa nini unaacha, unabaki na kopi na risiti ya posta kwa sababu tarehe hiyo utaihitaji kwenye kodi. Kama kuna ritani hukuleta, kaa na mtu wa kodi uzisafishe kwanza ndo ufunge bahasha. Na kabla hujaenda posta toa ile kadi, angalia mwaka ulioingia kama mkaazi, hesabu kwa vidole kuanzia mwaka huo wenyewe, maana anayefikisha wa nane Januari ijayo hana sababu ya kusubiri sikukuu ziishe.