Antibayotiki za wiki sita na kapsuli za bakteria: tusiharakishe kusema ni biashara tu

Ukiandikiwa antibayotiki za muda mrefu hapa Tanga, hujafika hata nyumbani ushapewa ushauri wa aina mbili. Muuza dawa anakwambia ongeza na probayotiki, zile kapsuli za bakteria wazuri, tumbo lisije likavurugika. Mwingine, na saa nyingine ni daktari kabisa, anakwambia achana nazo hizo ni biashara, kunywa mtindi yatosha. Naona huu wa pili ndo unashika kasi, hasa kwa wanaofuatilia mambo ya afya, na kwa maoni yangu wanaharakisha.

Dozi ndefu kwetu si kitu kigeni. TB ni miezi 6, mfupa ulioingia wadudu huwa wiki 6 hivi, na hapo Pangani, kijiji cha Kimang'a, watu walimeza doksisaiklini wiki 8 kwenye ule utafiti wa matende na mabusha uliotoka 2005.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Mwaka 2013 ilitoka tafiti kubwa ya Uingereza, wagonjwa karibu 3,000 wenye miaka 65 kwenda juu waliokuwa kwenye antibayotiki, nusu wakapewa bakteria nusu wakapewa kapsuli tupu, wakaharisha sawasawa, kama 10 kwa kila 100 pande zote mbili. Halafu 2018 taasisi ya Weizmann kule Israeli ikaonyesha kwamba waliomeza probayotiki baada ya antibayotiki, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko wale walioachwa hivi hivi. Hiyo ya pili ndo watu wanaishika kama fimbo.

Lakini isome vizuri. Wale wa Israeli walimeza sipro na Flagyl siku 7, wakamaliza, NDO wakaanzishiwa bakteria kwa wiki 4. Swali pale lilikuwa tumbo linarudije hali yake. Mgonjwa aliye katikati ya dozi swali lake ni jingine kabisa, anauliza nitafika mwisho bila kuendesha? Haya mawili yanachanganywa kila siku.

Kwenye hilo swali la mgonjwa kuna hesabu ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za wengine, tafiti 33 za watoto zaidi ya 6,000. Waliopewa antibayotiki peke yake waliharisha 19 katika 100, waliochanganyiwa na probayotiki 8 katika 100. Maana yake watoto tisa wameze ili mmoja aokoke na kuharisha, na hapa ndo mtu anacheka, yaani wanane wametupa hela? Mimi hii tisa kwa mmoja nimeigeuza geuza sana na kila nikirudi naona si ndogo, kwa sababu huyo mmoja kwenye dozi ya siku tano atavumilia tu, kwenye dozi ya wiki sita ndo huyo huyo anaacha dawa. Nina binamu yangu Ngamiani, kaumia na bodaboda, ana chuma mguuni na mfupa umeingia usaha, kaandikiwa klindamaisini ambayo kwa kuvuruga tumbo ni maarufu. Choo kiko uani, yeye yuko kwenye magongo, usiku anaamka mara tatu anapapasa ukuta. Akaanza kuruka kidonge cha jioni kimya kimya ili alale. Dozi ikirukwa hivyo wadudu wa kwenye mfupa wanabaki na wanazoea dawa, na hiyo gharama hakuna anayeiweka kwenye hesabu ya "biashara".

Sawa, zile tafiti nyingi ni za watoto na dozi fupi, kwaiyo sitasema zimethibitisha kwa wiki sita. Nasema sababu ya kujaribu ipo na madhara kwa mtu mwenye kinga nzuri ni madogo, gesi na tumbo kujaa siku za mwanzo. Asiyetakiwa kuzigusa bila daktari wake ni mwenye kinga iliyoshuka sana, au aliyelazwa hali mbaya ana mpira kwenye mshipa mkubwa, kwa hao hivyo vidudu vimewahi kuingia kwenye damu. Na ukiharisha damu au na homa usihangaike na kapsuli, nenda hospitali, maana kuna bakteria mbaya anaitwa C. difficile anayeota pale wenzake wakishauliwa.

Mtindi nao, ambao mji huu tunaupenda, una shida yake: kalsiamu ya maziwa inaikamata doksisaiklini na sipro tumboni dawa isiingie mwilini vizuri. Uachie kama saa mbili. Kapsuli za bakteria pia ziwe mbali na dawa kwa saa mbili, zisiuliwe.

Ukienda kununua soma jina la kidudu chenyewe kwenye boksi, "probiotic" peke yake haitoshi. Saccharomyces boulardii ni ndugu wa hamira, si bakteria, kwaiyo antibayotiki haimuui (dawa za fangasi ndo zinamuua), na akikaushwa anakaa bila friji. Kwa joto letu na umeme unavyokatika, mimi binamu nilimwambia aulizie huyo kwanza, na siku dozi inapoisha aache, hapo ndo nawasikiliza wale wa Israeli.