Seva ya mafaili ya ofisi: maswali ambayo muuzaji hapendi kuulizwa

Ingia duka lolote la kompyuta Posta au Kariakoo, Dar es Salaam, ulizia seva ya mafaili, yaani boksi la diski ambalo ofisi nzima inahifadhia mafaili yake. Utaambiwa inabeba diski ngapi na jumla yake ni terabaiti ngapi. Ukibahatika utatajiwa na prosesa. Programu iliyomo ndani, ile ambayo ofisi itaishi nayo miaka 5 au 6, inapitwa kwa sentensi moja: "Ina app zote, bosi." Pesa za watu zinapotelea hapo. Boksi ni bati, feni na diski tu. Jalada la mteja lililofutwa kwa bahati mbaya Ijumaa jioni litarudi Jumatatu asubuhi au halitarudi, kutegemea programu.

Kwangu mimi swali la kwanza ni la snapshoti. Snapshoti ni kumbukumbu ya jinsi folda ilivyokuwa saa fulani. Mifumo ya mafaili kama ZFS na Btrfs haifuti data ya zamani papo hapo faili linapobadilishwa. Kipande kipya huandikwa mahali pengine, na cha zamani hubaki maadamu kuna snapshoti inayokishikilia. Ndiyo maana inachukuliwa kwa sekunde chache, na mwanzoni haili nafasi ya maana. Mfumo wa ext4 peke yake hauna uwezo huo, na baadhi ya maboksi ya bei ya chini yanakuja na ext4 tu. Kwa hiyo ulizia mfumo wa mafaili kabla ya kuulizia terabaiti.

Chukua ofisi ya wakala wa forodha inayoskani nyaraka za mizigo kutwa nzima. Ratiba inayofaa ni snapshoti kila saa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, za saa zikae siku 2, za siku zikae siku 30, za mwezi zikae miezi 12. Ukiipanga vizuri, karani anabofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi kwenye Windows, anafungua matoleo ya awali, anachagua la saa 4 na kulirudisha mwenyewe bila kumpigia simu mtu wa IT. Muuzaji akuonyeshe hilo likifanyika dukani. Kama hawezi, jua na yeye hajawahi kulijaribu.

Snapshoti zina kero yake, na hii ndiyo inayowachanganya wengi. Diski imejaa, mtu anafuta GB 500 za skani za zamani, anaangalia nafasi: haijaongezeka hata kidogo. Mafaili yamefutwa kwenye folda lakini snapshoti bado zinayashikilia, na zitayashikilia mpaka muda wake uishe. Kwa hasira mtu huyo anafuta snapshoti zote, na kinga yote ya ofisi inaondoka kwa kubofya mara moja. Dawa ni kutenganisha tangu siku ya kwanza. Nyaraka za kudumu ziwe na eneo lake lenye snapshoti za muda mrefu. Skani zinazosubiri kupangwa ziwe na eneo lenye snapshoti za siku 3. Video za kamera za ulinzi zisiwe na snapshoti kabisa. Na usiache ZFS ijae kupita asilimia 80, maana ikifika huko huanza kuwa nzito na watumishi wataulaumu mtandao.

Kuna na swali la nani anaweza kuzifuta snapshoti hizo. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vikimpata mtumishi wa kawaida, snapshoti zinakuokoa. Mwizi akipata nenosiri la msimamizi wa seva, atazifuta kabla ya kufunga chochote. Synology, watengenezaji wa maboksi haya, walileta snapshoti zisizofutika katika toleo la 7.2 la DSM, programu ya maboksi yao, mwaka 2023: hata msimamizi hawezi kuziondoa mpaka siku zilizowekwa ziishe, japo si kila modeli inazikubali. Kwenye TrueNAS, programu ya seva inayotumia ZFS, njia ninayoipenda ni kuwa na boksi la pili ambalo lenyewe ndilo linalokuja kuchukua nakala, likiwa na nenosiri tofauti. Seva kuu isiwe na ruhusa yoyote ya kuligusa.

Sasa RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, neno ambalo wauzaji wanalitumia kana kwamba ni bakapu (nakala ya akiba). Diski 4 za TB 4 kwenye RAID 5, inayovumilia kifo cha diski moja, zinakupa TB 12, na Windows itakuonyesha kama TB 10.9 kwa sababu inahesabu kwa namna nyingine, hakuna aliyekuibia. RAID 6, inayovumilia mbili, itakupa TB 8. Kazi ya RAID ni moja, kuiwezesha ofisi kuendelea diski inapokufa. Ukifuta faili, linafutika kwenye diski zote. Boksi likiibwa, zimeibwa zote 4.

Kinachosahaulika ni muda wa kujenga upya baada ya kubadilisha diski. Diski ya TB 8 ikiandikwa kwa MB 150 kwa sekunde inahitaji karibu saa 15, tena bila mtu kuitumia seva. Ofisi ikiwa kazini, muda unavuka siku nzima. Katika saa hizo diski zilizobaki, ambazo kwa kawaida zilinunuliwa siku moja kutoka katoni moja na zimechoka pamoja, zinasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Diski ya pili ikifa ndani ya RAID 5, yote yamekwenda. Kwa diski za kuanzia TB 8 mimi siwezi kumshauri mtu RAID 5. Achukue RAID 6, au RAIDZ2, ndugu yake upande wa ZFS, akubali kupoteza diski mbili za nafasi.

Pia uliza kama diski ni za CMR au SMR. Za CMR zinaandika mistari bila kuipandanisha. Za SMR zinaipandanisha kama mabati ya paa, na zikipewa kazi ya kujenga upya zinapunguza mwendo mno, au mfumo unaziona zimekufa na kuzitoa. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Baada ya hapo ndipo ikaja WD Red Plus, ambayo ni CMR.

Umeme. Kila ofisi Dar ina UPS chini ya meza, lakini waya wa USB wa kuiunganisha na seva mara nyingi bado umo ndani ya katoni. Bila waya huo seva haijui kama umeme umekatika, itaendelea kuandika mpaka betri iishe na kuzimika katikati ya sentensi. DSM, TrueNAS na OpenMediaVault (programu nyingine ya seva) zote zinaweza kuongea na UPS na kujizima kwa usalama. Weka seva ijizime baada ya dakika 3 za kutumia betri. Usiiambie isubiri mpaka betri iwe chini, kwa sababu betri iliyokaa miaka miwili kwenye joto letu inashuka kutoka nusu hadi sifuri kwa ghafla. Halafu kuna jenereta: UPS nyingi za bei nafuu hazipendi umeme wa jenereta wenye mawimbi yanayoyumba, zinaukataa, zinaendelea kula betri huku taa za ofisi zinawaka. Watu wanashangaa seva imezimika wakati umeme upo. UPS nyingine zina mpangilio wa kupunguza ukali wa kuchagua umeme. Usome mwongozo wake kabla ya kununua nyingine.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu ahangaike na boksi wakati kuna klaudi, hifadhi ya mtandaoni. Jibu moja lina tarehe: 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubahatisha. Ofisi yenye mafaili yake ndani ya jengo ilikuwa na uwezo wa kuyafungua kwa kasi ileile ya swichi ya gigabiti, karibu MB 110 kwa sekunde. Klaudi naitaka, ila kama nakala ya pili.

Na nakala hiyo ya pili ifanyiwe hesabu kabla. TB 2 zikipandishwa kwa laini ya Mbps 20 zinachukua siku 9 na zaidi, laini ikiwa haifanyi kitu kingine chochote. Programu nzuri inakuruhusu kuanza na diski ya nje ya USB, ukaibeba hadi tawi la pili, ukaipakia huko, na kuanzia hapo yakawa yanasafiri mabadiliko tu usiku. Nakala ifungwe kwa usimbaji fiche, isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wake uchapwe kwenye karatasi na kuwekwa nje ya ofisi. Ufunguo uliohifadhiwa ndani ya seva ileile iliyoungua hautafungua kitu. Data ya programu ya uhasibu nayo isinakiliwe wakati imefunguliwa, kwani nakala ya hifadhidata inayoandikwa inaweza kuwa nusu ya leo na nusu ya jana. Panga programu yenyewe itoe bakapu yake saa 2 usiku kwenye folda, kisha seva inakili folda hiyo saa 4.

Bosi akitaka kufungua mafaili akiwa nyumbani Mbezi, usifungue mlango wa seva moja kwa moja kwenye intaneti. Virusi vya Qlocker vya Aprili 2021 na DeadBolt vya Januari 2022 viliyapata maboksi ya QNAP yaliyokuwa wazi hivyo, vikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin. Tumia WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa nje. Kama laini yako haina anwani ya IP ya umma, jambo la kawaida kwa intaneti ya simu, Tailscale, huduma iliyojengwa juu ya WireGuard, inapita bila kugusa ruta. Zima UPnP kwenye ruta, maana ndiyo inayofungua milango bila kukuuliza.

Mashine za fotokopi ndizo zinazoharibu usalama wa ofisi nyingi kimyakimya. Mashine kuukuu inayotuma skani kwenye folda mara nyingi inajua SMB1 tu, toleo la zamani la lugha ya Windows ya kushirikishana mafaili, itifaki ileile ambayo WannaCry ilipitia kwenye Windows Mei 2017. Fundi anaona skani hazifiki, anawasha SMB1 kwa seva nzima, anaondoka. Ifungulie mashine FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili, yenye akaunti yake na folda moja isiyo na kitu kingine, seva ibaki na SMB2 kwenda juu.

Ruhusa zipewe makundi, kwa mfano uhasibu, mauzo na utawala, wala si mtu mmoja mmoja. Mtumishi akiondoka unamtoa kwenye kundi na kazi imeisha. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, kwa hiyo washa kumbukumbu za nani alifungua nini kwenye folda zenye nakala za vitambulisho vya wateja. Kama umeunganisha seva na Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti za watumishi, hakikisha saa ya seva na ya mfumo huo zinakwenda pamoja. Zikipishana zaidi ya dakika 5, watu watakataliwa kuingia na nenosiri lao ni sahihi.

Nichague ipi? Ofisi ya watu 10 isiyo na mtu wa IT wa kudumu ichukue DSM, ilipie hiyo bei. Yenye mtu anayeelewa Linux, na kompyuta yenye RAM ya GB 16 (kima cha chini ni 8), iende TrueNAS: haina malipo, na ubao mama ukifa unahamishia diski kwenye mashine nyingine na kuzifungua huko. OpenMediaVault inatosha kwa kompyuta ya zamani inayohifadhi bakapu za wengine.

Ukishaiwasha, tuma barua pepe ya majaribio ya tahadhari. Maboksi yaliyopangwa kutumia Gmail kwa nenosiri la kawaida yalinyamaza baada ya 30 Mei 2022, Google walipozuia njia hiyo. Sasa linahitajika nenosiri maalumu la programu, na wapo ambao diski yao imekufa miezi na boksi linalalamika bila kusikika. Kisha kila miezi 3 chagua faili moja la mwaka jana, lirudishe kutoka nakala ya nje kwenda folda mpya, ulifungue na kulisoma. Andika tarehe, jina la aliyefanya na dakika zilizotumika kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa boksi.