Mkusanyaji wa magitaa ya zamani si adui wa mpigaji

Juni 2019, David Gilmour wa Pink Floyd alipiga mnada magitaa yake zaidi ya 120 kupitia Christie's jijini New York. Lile jeusi, Fender Stratocaster la 1969, lilikwenda kwa dola milioni 3.975. Fedha zilizopatikana zilipelekwa kwa ClientEarth, taasisi ya wanasheria wa mazingira, lakini wapiga gitaa waliendelea kunung'unika vilevile. Manung'uniko yao yanafahamika: chombo cha muziki kimegeuzwa hisa, matajiri wanakifungia sefuni, na kijana mwenye kipaji atakufa hajakigusa.

Sehemu ya malalamiko hayo ni kweli tupu. Magitaa ya Gibson Les Paul Standard ya 1958 hadi 1960, yale ya rangi ya machweo, yaliuzwa dukani chini ya dola 300. Leo moja ambalo halijabadilishwa chochote ni laki kadhaa za dola. Na sifa hiyo haikujengwa na wakusanyaji. Gibson yenyewe iliacha kuyatengeneza kwa kukosa wateja, na ni wapigaji kama Eric Clapton, kwenye rekodi yake ya 1966 na John Mayall, waliowazibua watu masikio. Wao walilima, wengine wakavuna. Hasira ina msingi.

Ila wanaolalamika husahau jinsi magitaa haya yalivyotendewa kabla hayajawa ghali. Miaka ya 1970 gitaa la 1957 lilikuwa gitaa kuukuu tu. Mwenyewe akitaka jekundu, alilikwangua akalipaka jekundu. Akitaka pikapu, yaani kinasa sauti cha chini ya nyuzi, iliyo nene zaidi, alichimba mwili wa gitaa kwa mashine, na zile za asili zikaishia kwenye droo au jalalani. Waliofanya hivyo hawakuwa mabenki wala mabwanyenye. Walikuwa wapigaji, na walikuwa na haki, maana gitaa lilikuwa lao na kazi ilikuwa inawangoja jioni. Lakini tusisimulie kana kwamba mpigaji ndiye mlinzi na mkusanyaji ndiye mharibifu.

Mkusanyaji makini, tofauti na mnunuzi wa mnadani anayetazama jina la mwenye mali tu, hushika bisibisi. Hufungua gitaa na kusoma namba iliyogongwa kwenye potenshomita, kile kifaa cha kupandisha na kushusha sauti: tarakimu tatu za kwanza ni kiwanda, kisha mwaka, kisha wiki. Akikuta 304632, ni Stackpole, wiki ya 32 ya 1956. Huchungulia lehemu kama imewahi kuyeyushwa tena. Huzima taa na kumulika vanishi kwa taa ya UV, ile ya kukagulia noti bandia, maana vanishi ya zamani hung'aa kijani kibichi na palipopakwa upya pakabaki peusi.

Ndani ya Stratocaster za 1954 watu hawa walikuta kitu ambacho hukikuti kwenye tangazo. Kipande cha utepe wa karatasi, na jina limeandikwa kwa mkono: Mary, Gloria, Virginia. Ni wanawake wa kiwanda cha Fullerton, California. Kwenye kisigino cha shingo wakakuta herufi za penseli, TG, na tarehe. Huyo ni Tadeo Gomez, mchonga shingo. Abigail Ybarra naye alianza kazi Fender mwaka 1956 na kusuka koili za pikapu kwa miongo, na leo pikapu zenye herufi zake zinasakwa kila mahali. Historia tuliyozoea ina Leo Fender, Les Paul na Seth Lover, wamiliki, mastaa na wahandisi. Majina ya waliokaa mezani na chuma cha kuchomelea tumeyapata kutoka kwa watu tunaowacheka kwa kugombania skrubu moja kama ni ya asili au la.

Kuna wakati wanastahili kuchekwa kweli. Rangi nyekundu iliyotumika kwenye Les Paul za 1958 na 1959 haikustahimili jua; ilipauka, mengine yakabaki ya njano tupu. Mwaka 1960 Gibson ikabadilisha rangi ili kuondoa kasoro hiyo. Leo kasoro ndiyo inayolipiwa, na kila kiwango cha kupauka kina jina lake.

Lakini ukichaa huohuo wa uasili una faida ambayo sioni wapigaji wakiitaja. Wafanyabiashara wana kanuni yao ya mdomo: gitaa likipakwa rangi upya, nusu ya bei imekwenda. Nusu nzima! Mbao ni zilezile, shingo ileile, pikapu zilezile. Ukifumbwa macho hutajua lipi ni lipi. Vivyo hivyo kwa Les Paul lililovunjika kichwa, na huvunjika sana, maana kichwa kimeinama digrii 17 na mti hapo ni mwembamba. Likigundishwa na fundi anayejua, linapigika miaka mingine hamsini, ila mkusanyaji halitaki. Basi nani anabaki kulinunua? Mpigaji. Utasema bila wakusanyaji yote yangekuwa rahisi. Sidhani. Idadi iliyotengenezwa zamani ni ileile, na mastaa wanaoitaka sauti ile wana fedha kuliko sisi. Kama masikio pekee ndiyo yangepanga bei, lililopakwa upya lingelingana na lisiloguswa. Kinachoyatenganisha ni jicho la mkusanyaji, na pengo hilo ndilo mlango wa mtu wa kipato cha kawaida.

Wasioutumia mlango huo bado wana nakala. Fender ilipotoa upya miundo yake ya 1952, 1957 na 1962 mwaka 1982, mfano wa kufuata ulikuwa magitaa ya zamani ambayo hayajabadilishwa. Yaliyokwanguliwa yasingetoa vipimo.

Hao ninaowatetea si wale walionunua kwa ajili ya faida tu. Bei ziliporomoka baada ya 2008, wengi wao wakauza wakaondoka, na hakuna walichokiacha. Mkusanyiko mzuri ni kama ule wa Jim Irsay, aliyelinunua gitaa jeusi la Gilmour na kuzungusha mali yake mijini Marekani kwa kiingilio cha bure hadi alipofariki 2025. Au Kirk Hammett wa Metallica, aliyelipata 2014 Les Paul la 1959 lililokuwa la mpigaji Peter Green, kisha la mpigaji Gary Moore. Sumaku ya pikapu ya shingoni imegeuzwa, ndiyo maana pikapu zote mbili zikitumika pamoja linalia kwa pua. Hammett hulipiga jukwaani.

Mwaka 2025 Metropolitan Museum ya New York ilitangaza kupokea magitaa zaidi ya 500 kutoka kwa mkusanyaji mmoja. Wengi walifurahi kwamba sasa ni mali ya umma. Mimi ningependa kwanza kujua ni nani ataruhusiwa kuyafungua.