Nusu mpira na robo mpira: hesabu inayodharauliwa bure kwenye meza ya pool

Wachezaji wa pool wakianza kubishana kuhusu namna ya kulenga mpira wa kukata, yaani ule unaopaswa kugongwa ubavuni ili uende shimoni kwa pembe, mara moja hugawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba pool ni jicho: mchezaji auone kwa mawazo mpira mweupe ukiwa umeshagusana na mpira anaoulenga, upande ulio kinyume na shimo, kisha aupeleke mpira mweupe halisi mahali palepale, na mazoea yatamaliza yaliyobaki. Kambi ya pili hupima. Huu ni wa nusu mpira, ule ni wa robo tatu, huo mwingine ni wa robo. Wakimaanisha kiasi ambacho mpira mweupe, ukitazamwa kutoka nyuma ya fimbo, utaufunika mpira unaolengwa wakati wa kugongana. Kambi hii ya pili huchekwa, na mara nyingi wanaoicheka ni wachezaji hodari, kwamba inaleta hesabu za darasani mahali pa kipaji. Kwa maoni yangu kicheko hicho kimewanyima wanaoanza msaada walioustahili.

Jioni moja, katika baa ya Dar es Salaam, nilimtazama kijana akikosa mkato uleule mara nne mfululizo. Mpira ulikuwa karibu na shimo la kona, pembe ilikuwa ya wastani, na kila mara ulikwenda kugonga raba upande uleule kwa sababu aliupiga kati mno. Mwenzake aliyemzidi umri akamuuliza, "Mdogo wangu, unalenga wapi?" Kijana akaweka ncha ya kidole kwenye ubavu wa mpira, mahali sahihi kabisa, pale ambapo mstari unaotoka shimoni na kupita katikati ya mpira hutokea upande wa pili. "Hapa, kaka. Si ndipo panapotakiwa kuguswa?"

Jibu lake lilikuwa la kweli, na ukweli huo ndio uliokuwa ukimponza. Mpira mweupe haugusi kwa katikati yake bali kwa ubavu wake, kwa hiyo anayeelekeza katikati ya mpira mweupe kwenye sehemu ya kugusana hugonga mapema, mahali palipo ndani zaidi kuliko alipokusudia. Katika mkato wa nyuzi 30, yaani mpira unapotakiwa kwenda kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka njia ya mweupe, kosa hilo huuondoa mpira kwa nyuzi 14.5 tu, pigo la nusu mpira limegeuka la robo tatu bila mpigaji kujua. Yule kaka hakumweleza lolote kati ya haya. Alimwambia tu, "Elekeza fimbo kwenye ukingo wa mpira, usiangalie shimo," na mpira ukaingia.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya kupima kwa visehemu. Mpira wa kufikirika, ule ambao kambi ya kwanza huuona kwa mawazo, kwa jina lake tu, hauonekani. Ukingo wa mpira halisi unaonekana na kila mtu. Fimbo ikielekezwa kwenye ukingo huo, mgongano ni wa nusu mpira na mkato ni wa nyuzi 30, iwe mipira ina kipenyo cha milimita 57.15 kama ya Marekani au 50.8 kama ile midogo ya mtindo wa Uingereza, mradi mweupe na ule unaolengwa ulingane. Kwenye meza za sarafu za mtindo huo wa Uingereza, ambako mpira mweupe mara nyingi hutengenezwa mdogo zaidi, wa milimita 47.6, ili mashine iutambue na kuurudisha, pembe hiyo hupanda kufikia nyuzi 31 hivi. Hata tofauti hiyo inahesabika, na mchezaji anaweza kujiandaa nayo.

Pingamizi kubwa la kambi ya jicho ni kwamba visehemu ni vichache mno. Robo tatu hutoa nyuzi 14.5, nusu hutoa 30, robo hutoa karibu 48.6, je, mpira unaotaka nyuzi 22 utapigwaje? Pingamizi hili ni la haki na linastahili kupimwa kwa namba, kwa sababu namba zenyewe zinaonyesha linapouma na linapokosa meno. Kwa kanuni za Shirikisho la Dunia la pool, mdomo wa shimo la kona una upana wa kati ya inchi 4.5 na 4.625, yaani takriban milimita 114 hadi 117. Mpira wa milimita 57 ukiingia katikati ya mdomo huo, unabakiwa na nafasi ya milimita 29 hivi kila upande. Mpira ulio sentimita 30 kutoka shimoni unaweza basi kupotoka nyuzi 5.5 kushoto au kulia na bado ukaingia. Ongeza visehemu vya nane, vinavyotoa takriban nyuzi 7, 22, 39 na 61, na utaona kwamba kwa umbali huo kila kisehemu kinashikana na jirani yake karibu kila mahali. Ule mpira wa nyuzi 22 umepata kisehemu chake, na ni nadra mchezaji mwenye alama hizo kichwani kukutwa mikono mitupu na mkato wa karibu, isipokuwa ule mwembamba sana.

Peleka mpira uleule mita moja kutoka shimoni na mambo yanabadilika. Sasa nafasi ni nyuzi 1.7 tu kila upande, ilhali kutoka kisehemu kimoja cha nane hadi kingine ni nyuzi saba au zaidi. Zaidi ya nusu ya pembe zote zinabaki bila kisehemu cha kuzifunika, na hapo lazima mtu akadirie. Hata hivyo anayekadiria kati ya alama mbili anazozijua yuko mahali tofauti na anayekadiria kutoka patupu. Mkato mwembamba nao hauna huruma kwa kambi yoyote: kwa nyuzi 60, kosa la milimita moja tu katika kulenga huupeleka mpira milimita 35 pembeni baada ya mita moja, ambapo kwa nyuzi 30 kosa hilohilo lingeupeleka 20. La kwanza linakosa shimo, la pili linaingia.

Pingamizi jingine ni msuguano. Mipira ikigusana, mweupe huuburuta kidogo ule mwingine kuelekea unakokwenda wenyewe, kwa hiyo mkato hutoka pungufu ya hesabu. Upungufu huo huwa mkubwa zaidi mpira mweupe unapopigwa polepole na kufika bila kuzunguka, na unaweza kufikia nyuzi kadhaa. Nyuzi tatu tu, kwa mita moja, ni milimita 52, na shimo limekwisha kukosekana. Kupiga kwa nguvu zaidi hupunguza mburuto, na spini kidogo, yaani kuuzungusha mpira mweupe, ya upande wa nje inaweza kuuondoa kabisa. Lakini huo mpira wa kufikirika nao umechorwa kana kwamba msuguano haupo. Anayeulenga kikamilifu atakosa kwa kiasi kilekile, na tofauti ni kwamba hatajua kama kosa lilikuwa la jicho lake au la mipira. Aliyepiga kwenye ukingo ulioonekana wazi, kwa mwendo anaoujua, akakosa upande wa ndani, ana la kurekebisha katika pigo linalofuata.

Ninakubali kwamba chini ya nusu mpira mbinu hii inapungukiwa na ule uwazi wake, kwa kuwa fimbo huelekea hewani, nje ya mpira. Kwa robo mpira njia bora ni kuupeleka ukingo wa mweupe kwenye nusu ya njia kati ya katikati na ukingo wa mpira unaolengwa, na hilo huhitaji majuma ya mazoezi. Ninakubali pia kwamba wachezaji wengi wakubwa hawahesabu chochote wanapoinama mezani. Ila wao wameshapiga mikato maelfu kwa maelfu, na jicho wanalolisifu limejengwa na mikato hiyo. Yule kijana wa Dar es Salaam alikuwa na jioni moja na sarafu chache, na alipewa ukingo wa mpira aanzie hapo.