Kuba la bustanini mbele ya futi kamba

England, mwenye nyumba ana ruhusa ya kujenga banda bustanini bila kuomba kibali, mradi afuate vipimo vya amri ya mipango miji ya 2015. Banda lenye paa la mgongo wa tembo, yaani lenye miteremko miwili, mwisho wake mita 4 kwenda juu. Lenye paa jingine, mita 3. Sehemu yoyote ya jengo ikiwa chini ya mita 2 kutoka mpaka wa kiwanja, jengo zima lisizidi mita 2.5.

Kwa banda la kawaida hapo hakuna ubishi. Ubishi huja na kuba.

Chukua kuba la nusu tufe, upana mita 6, lililosimama mita 1 kutoka uzio. Kilele chake ni mita 3, kwa hiyo kibali kinahitajika. Lakini piga hesabu: kila kipande kilichopita mita 2.5 kiko zaidi ya mita 2.3 kutoka uzioni. Wakati huohuo, boksi la mita 2.5 lililobanwa kwenye uzio huohuo ni halali, ingawa ndilo litakalomzibia jirani jua la kibarazani.

Watetezi wa kanuni wana hoja nzito. Kibali kisipoombwa, jirani haulizwi chochote. Kinga yake pekee ni kipimo ambacho yeyote mwenye futi kamba anaweza kukihakiki. Ukianza kupima uzuri wa umbo, kila banda litageuka kesi. Na kuomba kibali si kunyimwa, ingawa ni gharama na wiki za kusubiri.

Hata hivyo, serikali yenyewe imeshalegeza: mwongozo wake unalipatia paa la miteremko minne haki ileile ya mita 4. Minane je? Na hema la duara?

Mimi ningeacha umbo kabisa, nibadilishe kinachopimwa: ndani ya zile mita 2 za mpakani, kisiwepo *kipande* kinachozidi mita 2.5. Futi kamba ni ileile. Atakayesema huo ni mwanya akumbuke kwamba leo mtu anaweza kuweka banda la mita 2.5 uzioni, na nyuma yake, mita 2 kutoka mpakani, jingine la mita 4 lenye mgongo wa tembo. Yote mawili bila kibali.