Mtumba wa kuvaa sawa, mtumba wa kusomea aibu?

Jumapili jioni Baba Brian, jirani yangu hapa Umoja, alinigongea mlango akiwa na karatasi. Chuo anakotaka kumpeleka kijana wake, Brian, kusomea mitandao ya kompyuta kimeandika kwamba kila mwanafunzi aje na laptopu mpya. Neno "mpya" limepigiwa mstari. Alitaka kujua ni sacco gani inayotoa mkopo haraka.

Nilipandwa na hasira. Sisi tunaovaa za Gikomba, tunaoendesha magari yaliyochoka Japani kabla ya kushushwa Mombasa, leo ndio wa kuonea kompyuta kinyaa?

Nikamkaribisha aone kona yangu. Kompyuta mbili ndogo za ofisini, nilizonunua za mtumba Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme hapa Nairobi, swichi kuukuu ya Cisco (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao) na skrini yenye mkwaruzo. Mitandao nimejifunzia hapo, tena kwa kuharibu. Nimewahi kufuta Linux nzima, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwa amri moja saa saba usiku. Nimepanga swichi vibaya hadi nikajifungia nje mwenyewe. Kila nikiharibu, naanza upya, na nikianza upya ndipo naelewa nilichokuwa nimekikariri tu. Sasa laptopu ya mkopo utaithubutu? Utaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya babu! Kwa RAM ya GB 16, mashine moja kuukuu inabeba kompyuta pepe tatu au nne, yaani kompyuta za kuigizwa ndani yake: hii seva ya kuhudumia nyingine, ile rauta ya kuelekeza mtandao, nyingine ya kuvurugwa.

Na mali iko. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Ofisi zinatupa mashine nzima kabisa. Linux haiulizi umri.

Haya, diski za mtumba hufa. Weka SSD mpya, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Na seva zile kubwa za rafu ziache. Yangu ilikula wati 150 hata ikiwa haina kazi, yaani yuniti 108 za stima kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana. Mama watoto alipoona tokeni zinavyoyeyuka, niliiuza kwa hasara.

Baba Brian akakunja karatasi yake. "Na wakimrudisha getini?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi tunashuka Luthuli sote watatu. Brian atabeba flashi yenye Linux ya kuijaribia mashine, na hatutoi shilingi kabla mashine haijawaka.